Siku Ba Alipomficha Ng'ombe Stoo

Jumapili, Nyamisangura. Baridi ya Tarime leo imetuonea huruma, jua limetoka mapema, na mbavu bado zinaniuma kwa vicheko vya jana.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni Hetal, nimeolewa kutoka Mwanza. Nyumba yetu ya Wahindu mbele ni duka la vitenge, nyuma ni jiko la mama mkwe wangu, tunayemwita Ba. Katika jiko hilo chapati ya kwanza hailiwi na mtu. Hata mume wangu Jayesh awe na njaa ya kufa, haigusi. Ba anaipaka samli, anaweka kipande cha sukari guru, anaipeleka kwa ng'ombe. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Ng'ombe akishakula, ndipo Ba naye anatia kitu mdomoni. Ng'ombe asipokula, Ba anashinda na njaa, na usijaribu kumbembeleza.

Ng'ombe mwenyewe, mweupe pe, si wetu. Ni wa jirani, Mama Marwa. Ba anamwita Gauri, watoto wa jirani wanamwita Chapati, na yeye anageuka kwa majina yote mawili akisikia harufu ya samli.

Sasa, Marwa anaoa. Mchumba wake ni wa Nyambureti, kule Serengeti, na jana wazee wa upande wa binti walikuja kuchagua ng'ombe wa mahari. Majirani zetu Wakurya hawafanyi mchezo na jambo hilo. Wageni wanamzunguka kila ng'ombe, wanamshika nundu, aliyekonda wanamkataa mbele yako.

Na pale kwa Mama Marwa hakuna aliyenawiri kama Gauri. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya samli ya Ba!

Jana asubuhi Ba alinijia jikoni macho yamemwiva.

"Hetal, wakimwona watamchukua. Njoo unisaidie."

Nilipotoka nje, Gauri alikuwa ameshaingia uani kwetu, anafuata chapati mkononi mwa Ba. Nami, mama wa watoto wawili mwenye akili zangu timamu, nikamsukuma ng'ombe wa watu ndani ya stoo ya vitenge na kufunga mlango.

Tukajifanya tunachambua mchele.

Wageni wakafika. Kupitia ua wa matete tuliwasikia wakisifia huyu, wakikataa yule. Kisha mzee wao mmoja akamuuliza Marwa, kwa lile neno lao la kumwita kijana, "Na yule mweupe mliyetusimulia, mura, yuko wapi?"

Marwa akasema alikuwepo asubuhi. Mzee akasema asubuhi ilishapita. Mwingine akaguna kwamba labda familia hii inaahidi kwa mdomo tu, na kama ni hivyo warudi kwao, binti yao hajakosa pa kwenda. Nikachungulia: Marwa kijasho chembamba kinamtoka, mama yake ameshika kiuno, anatazama ukuta wa stoo yetu.

Alikuwa anajua. Alimwona Gauri akiingia, akatusitiri.

Nikamtazama Ba. Naye alikuwa anamtazama Marwa, ambaye alijifunza kutembea kwenye sakafu ya duka letu. Nilimwona moyo wake ukivutwa huku na huku. Akaweka ungo chini, akaenda kufungua mlango mwenyewe.

Gauri akatoka na kitenge cha njano kimening'inia kwenye pembe. Hakuwa na haya hata kidogo.

Wageni wakapiga makofi! Walidhani ndivyo Wahindi tunavyompamba ng'ombe wa harusi. Nasi tukawaacha waamini.

Ba akaniagiza nilete kumkum. Akampaka Gauri ile alama nyekundu kwenye paji la uso, akamrushia punje za mchele, kama mama yangu alivyonifanyia nilipoondoka Mwanza. Nililia. Mama Marwa alilia. Halafu Ba akamgeukia mzee.

"Baba, huko kwenu nani atampa chapati ya kwanza?"

Mzee akavua kofia. "Mama, kwetu chapati ni ya sikukuu. Lakini ugali wa kwanza atapewa. Nitamwambia mke wangu."

Mchana Gauri akapandishwa kwenye fuso na wenzake.

Leo asubuhi Ba kapika kama kawaida. Chapati ya kwanza ikapakwa samli, ikakaa kwenye sahani inapoa. Jayesh akapendekeza tumtafute ng'ombe mwingine barabarani. Alitazamwa hadi akaenda kufungua duka siku ya Jumapili. Sisi wengine tulikula kwa aibu. Ba hakugusa kitu.

Jua likiwa limepanda, Mama Marwa akaingia jikoni mbio, simu mkononi, hata shikamoo kaisahau. Video kutoka Nyambureti. Mama mmoja amesimama mlangoni pa jiko lake, ananyoosha tonge la ugali wa mtama. Gauri ananusa, anageuza uso, anafikiri. Kisha analichukua lote kwa mzungusho mmoja wa ulimi.

Ba akaomba irudiwe. Ikarudiwa mpaka simu ikaanza kuishiwa chaji.

"Amekula," akasema.

Akaikata ile chapati ya kwanza katikati, nusu akampa Mama Marwa, nusu akala yeye. Tangu niolewe sijawahi kuona kitu kama hicho katika nyumba hii. Nimefurahi mpaka nimeunguza chapati zangu za mchana.

Ba ametangaza kwamba hatazoea ng'ombe mwingine tena maishani mwake. Lakini jioni hii nimemkuta kwenye ua wa matete, anamkuna shingo yule mtamba mdogo wa Mama Marwa, anamuuliza jina lake.

Chacha, mdogo wake Marwa, najua huwa unasoma hapa. Nakuomba shemeji yangu, usiwe na haraka ya kuoa.