Darubini ya Mishari

Dalal, acha unachofanya. Salamu baadaye. Nimeaibika mpaka basi!

Huyu Mishari, eti mchumba wangu, kanunua darubini ya kuonea gizani. Leo baada ya magharibi kaja nayo kambini kwetu kumringia baba. "Mzee, hii haitaki mwanga, inaona joto la mwili. Mwizi wa ngamia haponi!"

Tukakaa garini, vioo vyote juu, maana bwana anaogopa vumbi. Akaielekeza zizini. Mara: "Mzee! Yupo! Jitu zima, lina tumbo, linatukodolea macho!"

Baba na goti lake bovu akashuka na fimbo.

Mishari? Akajifungia milango! Milango, Dalal! Akabaki ndani anatukana: "Toka, mwizi weye! Sura kama kiatu!"

Nikanyoosha mkono nikashusha kioo cha upande wake, nimwite baba arudi.

"Katoweka!"

Nikapandisha.

"Karudi!"

Nikashusha.

"Katoweka tena! Ana mbio huyu!"

Nikamnyang'anya darubini, nikatazama kioo kikiwa juu. Nikajiona mimi, na shungi langu!

Joto halipenyi kioo, shoga. Linarudi kama sura kwenye maji. Jitu lenye tumbo lilikuwa yeye! Muuzaji alimweleza yote dukani, yeye akawa anajipiga picha.

Baba akarudi anachechemea. Nikamweleza. Hakucheka. Akamwonyesha Mishari kwa fimbo, kisha akanigeukia.

"Mwizi tumeshampata, mwanangu. Sasa tukutafutie mume."