Kamba Mbele ya Duara

Jumatatu, 3 Februari

Nimechemsha maji. Nimekata shashi na kuikunja mara nne nne, kama nilivyofundishwa na masista wa Ushirombo nikiwa kijana. Majeruhi wa shimo la dhahabu lililoporomoka juzi wamekwisha kupelekwa mjini. Kituo chetu cha huduma ya kwanza ni turubai moja, machela mbili, sanduku la dawa, na sisi wawili: nesi Kabula, na mimi, dresa, mfunga vidonda mstaafu wa zahanati ya misheni.

Amebaki mtu mmoja chini. Masanja, mwenyeji wa Mhunze. Jiwe limembana mguu tangu siku ile. Yu hai. Wenzake humteremshia uji kwa kamba.

Kabula amenieleza jambo ambalo enzi zetu hatukufundishwa. Mguu uliobanwa muda mrefu hutengeneza sumu. Jiwe likiinuliwa kabla mgonjwa hajatiwa dripu, sumu hukimbilia moyoni naye hufa mbele ya macho yako. Dripu kwanza, jiwe baadaye. Alirudia mara tatu kana kwamba mimi ni kiziwi. Niliudhika. Naomba radhi kwa hilo, ingawa yeye hakujua.

Jumanne, 4 Februari

Wamemzuia Kabula. Kamba imefungwa hatua hamsini kabla ya duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, na mwanamke haruhusiwi kuivuka. Wanaamini dhahabu humkimbia mwanamke, na kwamba baada ya ajali mwiko huwa mkali zaidi mpaka fundi wa matambiko aje. Mchimbaji mmoja alimwambia, "Dada, ukipita hapo tutakula mawe mwaka mzima." Wenzake wakacheka.

Nilikwenda kwa Bwana Shija, mwenye duara. Alinipa kiti. Aliniita baba. Alisema fundi anatoka Didia, atafika keshokutwa na mbuzi. Akimaliza, nesi atapita. Nilimshukuru. Mtu yuko chini ya jiwe, nami nilimshukuru.

Kabula alitaka kupita kwa nguvu. Nilimkataza. Nilimwambia sisi ni wageni hapa na tumekuja kwa hisani yao. Akasema, "Haya, babu," akaketi juu ya sanduku. Nilifurahi kwamba bado kuna vijana wenye adabu.

Alasiri niliteremshwa mimi, nimefungwa kifuani kama gunia la pamba. Joto. Harufu ya mkojo. Masanja ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mcheshi. Nilimchoma sindano ya dripu mara sita nisipate mshipa. Kila mara nilimwomba radhi. Mara ya tano alisema, "Babu, na wewe unachimba dhahabu humo?" Mara ya sita alifumba macho.

Mikono yangu imekuwa ikitetemeka tangu mwaka aliofariki mke wangu Yustina. Siku ya kujiandikisha kwa kazi hii niliiweka mifukoni.

Jumatano, 5 Februari

Wameleta jeki ya lori asubuhi. Kutambika kunamngoja fundi. Jeki haimngoji mtu.

Kabula alisimama kwenye kamba akapaza sauti: "Msiinue! Dripu kwanza! Mtamuua!"

"Nesi, unataka alale huko mpaka aote mizizi?" mchimbaji mmoja alimjibu.

"Mwacheni, kampenda!" mwingine akadakia.

Walicheka sana. Bwana Shija alinitazama mimi, si yeye. Nikaona aibu mbele ya wanaume wale. Nilimshika Kabula mkono nikamwambia, "Shusha sauti, mwanangu. Usiwafokee watu wazima." Hayo ndiyo maneno yangu. Nayaandika kama yalivyotoka.

Akashusha sauti.

Masanja alitoka saa nne. Watu walishangilia, walimbeba juu juu hadi kwetu. Aliketi kwenye machela akaomba soda ya baridi. Akaniambia, "Umeona, babu? Bila sindano yako." Kabula alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alipata mshipa mara moja. Mara moja tu. Dripu ikaanza kushuka, na soda aliyoletewa ilikuwa haijafika nusu. Masanja akasema kifua kinamvuta. Kisha akalegea. Kabula alimkandamiza kifua mpaka jasho lake likawa linamdondokea marehemu usoni. Mimi nilishika chupa ya dripu. Nilishika vizuri. Haikutikisika.

Alhamisi, 6 Februari

Fundi amefika na mbuzi. Damu, unga, maneno machache. Saa sita kamba ikakatwa. Bwana Shija alikuja mwenyewe hadi hemani, kwa adabu zote: "Nesi, karibu sasa. Njia ni safi." Kabula alikuwa anaosha machela. Hakuinua kichwa.

Saa nane wachimbaji waliteremka katika duara lile lile. Nilimsikia mmoja akisema, "Limeshakula. Sasa litatema dhahabu." Wanasema mawe ya leo yana rangi nzuri.

Niliwachukia mpaka jioni. Ni rahisi kuwachukia.

Ijumaa, 7 Februari

Mama yake Masanja amekuja kutoka Mhunze kuchukua mwili. Mwanamke mdogo kuliko mimi, amejifunga khanga mbili. Alipiga magoti mbele yangu. "Wabeja, baba. Asante sana. Wameniambia ulishuka shimoni mwenyewe kwa ajili ya mwanangu."

Nilipaswa kumweleza. Kabula alikuwa nyuma yangu, anasikia. Nilisema, "Pole, mama." Nikamwinua, nikamtafutia kivuli. Alikwenda bila kujua, akinishukuru.

Adhuhuri tulibomoa kituo. Kabula alitoka akaenda peke yake hadi mdomoni mwa duara. Hakuna aliyemzuia. Alitazama chini kidogo, akarudi.

Nilimwambia naomba radhi. Nilikuwa nimeitunga sentensi ndefu tangu alfajiri, yenye mwanzo na mwisho. Sikufika katikati.

"Babu, shika upande huo wa turubai," alisema.

Nikashika. Tukakunja, tukasogeleana, tukakunja tena.