Ubavu wa Kulia, Uso Kibla

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako najua sitaisikia, lakini mkono umekataa kuanza kwa namna nyingine. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha mwenyewe, nimekaa kwenye kiti chako karibu na mlango ili nisikie barabara. Usinicheke kwa nukta zilizoanguka mahali pasipo pake.

Nina habari mbaya, lakini ni nusu tu. Nusu nyingine iko njiani. Asubuhi nilipokuwa natoka kisimani, lori la mkaa kutoka Msata lilisimama mbele ya hospitali. Dereva akashuka anasema kuna mtu wa genge la barabara ameangukiwa na mti waliokuwa wanaukata. Tawi limempiga kichwani, hajitambui. Nikamuuliza ni nani. Akasema hawajui majina. Aliona watu wameinama wamemzunguka mwenzao, mmoja akamfokea awahi kutoa habari, wao watamleta kwa lori la mawe likishashusha mzigo. Nikauliza ni mrefu, ni mfupi, ni mzee, ni kijana? Akaniambia, "Dada, mimi nimeona miguu tu."

Miguu ya nani? Hamisi wako, ndugu yangu, yumo kwenye genge hilo, Baba. Alipoondoka Jumapili aliniachia shati la kushona kifungo, nami nimelishika hapa, kifungo sijakishona.

Hospitali wametandika kitanda. Daktari yupo. Lakini unajua wewe uliyefunga vidonda pale miaka yote, dresa wao, kwamba kazi yao inaanzia mlangoni. Toka Msata mpaka mlangoni ni kazi ya watu wenye mashoka na mapanga, na mwalimu wa watu hao safari hii si wewe. Ni mimi. Ndiyo maana nakuandikia, maana sina mwingine wa kumuuliza kama niliwafundisha sawa.

Ngoja nikueleze mambo yalivyokwenda, maana mengi yametokea tangu tukupeleke makaburini Kaole.

Unakumbuka masomo yako uani. Nilikuwa mgonjwa wako tangu sijang'oa meno ya utoto. Leo nimevunjika mguu, kesho nimeumwa na nyoka, keshokutwa nimetolewa mtoni Ruvu, na wanaume wazima wamekaa mkekani wanatazama unavyonifunga kwa vipande vya shuka kuukuu. Nikicheka unaninong'oneza, "Usicheke, wewe umezimia." Nilipovunja ungo ukaniondoa mkekani ukamlaza Hamisi, mimi nikahamia dirishani. Hamisi alikuwa mgonjwa wa hovyo, ukimgusa mbavu tu anatekenyeka. Mimi kule dirishani nilikuwa nimekwisha kuyajua masomo yote kwa moyo, hata pale unapokohoa.

Na niliona kitu ambacho wewe uliyesimama mbele hukukiona vizuri. Niliona walipokuwa hawakukubali.

Ilikuwa habari ya maji. Yule mtu wa Lugoba alipoanguka darajani, wenzake walidhani anakata roho. Kwa woga wakampakata, kichwa kimelegea nyuma, mmoja anamtamkisha shahada sikioni, mwingine anammiminia maji kinywani asije akaenda na kiu. Ulipofika ulimkuta amekwisha, na maji yamo kifuani. Uliporudi hukula. Jioni ile ukawaita uani, ukapiga kiganja mezani ukasema, "Mmemzamisha nchi kavu!" Sijapata kukuona na hasira namna ile. Wakainamisha vichwa. Kisha mnyapara wao, Mzee Kibwana, akakuuliza polepole, "Dresa, tukimnyima maji akatutoka, mama yake tutamtazama kwa uso gani?"

Ukaanza kukunja mkeka. Somo likaishia hapo. Tangu siku hiyo kila uliposema asiyejitambua halazwi chali, hulazwa ubavu, wala hapewi maji, waliitikia wote kwa heshima. Na mimi dirishani nilijua kwamba siku ya siku mkono utakwenda kwenye kibuyu.

Halafu ukaugua wewe. Sitaki kuyaeleza yote, uliyapata mwenyewe. Ila asubuhi ya mwisho sijui ulikuwa wapi. Ulikuwa chali juu ya mito, pumzi inakoroma, na dadako, Shangazi Mwanaidi, akasema wakati umefika, tukugeuze. Tukakulaza ubavu wa kulia, uso kibla, kichwa upande wa baharini. Shangazi akaanza shahada. Mimi nilikuwa nakushika taya huku nalia, nguvu sina. Makohozi yakamwagika kwenye kanga yangu, na kukoroma kukakoma. Nikasema, basi, Baba kaondoka. Kumbe ulikuwa unapumua, tena vizuri kuliko juzi yake.

Shangazi akaleta kikombe cha maji na kijiko. Akakisogeza mdomoni. Ukafumbua jicho moja ukasema, "Bado."

Mpaka leo Shangazi akisimulia anacheka, kisha anashindwa kumaliza. Ukakaa nasi mpaka alasiri. Uliuliza kama mbuzi amefungwa, ukamgombeza Hamisi kwa ndevu zake. Halafu ukanitazama mimi, si Shangazi, ukasema, "Sasa." Nikakulowesha midomo kwa pamba. Tone tu.

Ilinichukua siku nyingi za kulia kabla sijaelewa nilichokiona. Ule ubavu uliowapigia watu kelele uani, Baba, walikuwa wanaujua tangu kuzaliwa. Wanausikia kwa bibi zao. Walichokuwa hawajui ni kwamba unamsaidia mtu kupumua. Wao wanaungoja mpaka wakate tamaa, na porini kwa woga wanausahau.

Baada ya arobaini yako Mzee Kibwana alikuja kubisha hodi. Akasema genge linaanza kufyeka barabara ya Msata, mwalimu mwingine hajapatikana, na mimi nimelala kwenye mkeka ule mara nyingi kuliko wao walivyokaa. Nilikataa. Shangazi akasema mwanamke kuwafundisha wanaume wa mapanga ni kujitafutia maneno. Kibwana akasema maneno atayachukua yeye. Nikavaa buibui langu, nikasimama pale ulipokuwa unasimama, Hamisi akalala mkekani, na wote wakanitazama kama wanaotazama ng'ombe aliyepanda ngazi.

Niliwafundisha kufunga damu. Niliwafundisha kumbeba aliyevunjika bila kumkunja. Nilipofika kwenye asiyejitambua, sikusema kama wewe. Nilisema, mlazeni kama mnavyomlaza anayekata roho, ubavu wa kulia, uso kibla. Mlazeni mapema, msingoje. Taya liinueni, mdomo uelekee chini, cha kutoka kitoke. Kibwana akauliza swali lake lile lile. Nikamjibu, hamumnyimi maji. Lowesheni kitambaa, mpakeni midomo. Midomo tu. Kinywani maji hayaingii mpaka ayaombe mwenyewe kwa ulimi wake. Akasema, "Hilo naweza kumwambia mama mtu."

Nilijiona nina akili. Usiku ule nililala nikitabasamu, nataka nikuamshe nikwambie.

Leo sitabasamu. Leo naogopa. Nimewafundisha kuokoa mtu kwa kumlaza kama anayekufa. Wakishamgeuza kibla, je, hawatajisikia kama wapo kwenye kifo? Mmoja ataanza kulia. Mmoja atasema, ndugu zangu, huyu tayari, tusimwache aende na kiu, na kitambaa hakitamtosha. Wewe usingechanganya mambo mawili haya. Wewe ulikuwa unasema hapana, basi. Pengine hapana yako iliyokataliwa ilikuwa bora kuliko ujanja wangu uliokubaliwa. Kama ni Hamisi amelazwa pale, na kama wamemmiminia, nitakuja kukwambia nini Kaole?

Nainuka. Nasikia gari.

Halikuwa lenyewe. Lilikuwa la chumvi.

Adhuhuri imepita. Nimeswali, sijui nimeswali nini. Shangazi ameunguza wali, ameupakua hivyo hivyo na hakuna aliyesema neno. Bi Zena, mkewe Kibwana, amekuja kukaa nasi kwa kuwa hapa ni karibu na hospitali. Amekuja na kikombe chake cha bati kimefunikwa kawa. Sikumuuliza kina nini. Yeye ana mume kwenye genge, mimi nina ndugu, na kila mmoja anaomba asiwe wake. Tunajua tunachoombeana. Nimempa mkono nikamshika, hatutazamani.

Naandika ili nisiende kusimama barabarani. Nimejaribu kukumbuka kama niliwaambia waangalie ulimi usirudi nyuma. Nadhani niliwaambia. Hamisi alitoa ulimi, wakacheka. Ndiyo, niliwaambia, maana nakumbuka kicheko.

Baba, lori limefika.

Nakuandikia tena na jua linaelekea kuzama, nimekaa kwenye ngazi za hospitali, karatasi iko gotini. Nitajaribu kukueleza kwa utaratibu.

Lilikuja taratibu, dereva anakwepa kila shimo. Nilimwona Hamisi kwanza. Yuko juu ya lori amepiga magoti, kifua wazi, damu imemjaa mikononi, na nilipoona mikono ile inajongea nikajua damu si yake. Nilifurahi. Nakwambia ukweli kwa kuwa wewe hunitangazi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa dunia, kisha nikahisi mkono wa Bi Zena umetoka kwenye wangu.

Alikuwa Mzee Kibwana. Aliyeubeba ubishi wote na maneno yote ndiye aliyeangukiwa na mti.

Walikuwa wamemlaza ubavu wa kulia juu ya majani. Barabara ya Msata inakuja baharini, kwa hiyo walimweka kichwa upande wa dereva, na kibla ikawa ubavuni mwa lori karibu njia nzima. Hamisi anasema palipokuwa na kona walibishana kama wamgeuze mgonjwa, mmoja akasema, "Muacheni, Mungu anaiona kona." Shati la Hamisi lilifunga jeraha. Taya la mgonjwa alilishika yeye mwenyewe toka Msata, vidole vimekufa ganzi, hakubali mtu kumpokea. Na mbele ya magoti yake palikuwa na kitambaa kimelowa, na kibuyu kimezibwa kizibo. Nilikitazama kizibo kile, Baba, nikashika tairi.

Alikuwa anapumua. Vibaya, lakini anapumua.

Wakamshusha kwa machela. Hapo ndipo Bi Zena alipokuja na kikombe chake. Kawa ameitupa. Hakulia, hakupiga kelele. Alisimama kati ya machela na mlango, akanitazama mimi, si daktari, akauliza, "Mwanahawa, ni sasa?"

Wanaume wote wa genge walikuwa wananitazama. Sikuwa na uhakika. Nakuapia sikuwa na uhakika. Uso wa Kibwana ulikuwa wa majivu, na kama angekufa pale mlangoni, mwanamke huyu angeishi maisha yake yote akijua mimi ndiye niliyemzuilia tone la mwisho. Nikajaribu kusikia ungesema nini. Sikusikia kitu. Nikasema, "Bado."

Nilichovya ncha ya kanga yangu kwenye kikombe, nikampa, akampaka mumewe midomo. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Wakampitisha ndani, mlango ukafungwa.

Tumekaa nje hapa, sote. Hakuna aliyekwenda kwake. Alasiri ikaswaliwa uwanjani. Na muda si mrefu uliopita tukasikia sauti ndani, nzito, ya mtu aliyekasirika, "Zena! Kwani nyumba hii haina maji?"

Bi Zena alikaa chini palepale mchangani. Mimi nilicheka kwa sauti mpaka nesi akatoka kunitazama, halafu kicheko kikageuka, Hamisi akanishika bega kwa mkono wake wenye damu. Daktari akaruhusu anywe kijiko kimoja, akiwa ameinuliwa kichwa. Tumeambiwa amelalamika kuwa maji ni ya moto.

Daktari hajasema atapona. Amesema kichwa ni kitu cha kungojewa, na usiku wa leo ndio wa kuangaliwa. Kwa hiyo woga wangu uko palepale, Baba, umejisogeza kidogo tu kunipa nafasi ya kukaa.

Watu wa mashamba ya chumvi wamekwisha kusikia. Msimamizi wao alipita hapa akauliza kama nitawafundisha wa kwake. Nilitaka kusema hapana. Sasa najua lilivyo zito, kumpa mtu somo kisha kukaa nyumbani kungoja lori. Wewe ulilibeba miaka yote ile na mimi dirishani nikadhani ni mchezo wa kufungana mashuka.

Nimemwambia aje nao. Nakuahidi nitawafundisha, na kila genge litakalokuja uani petu, na somo la kwanza kabla ya damu na mifupa litakuwa neno lako lile la "Bado." Hamisi ameahidi kutotekenyeka, ingawa hilo simwamini. Ijumaa tutakuja Kaole kukung'olea majani, na nikija nitakwambia habari ya Kibwana, iwe ipi.

Wewe umelazwa kule ubavu wa kulia, uso kibla. Yeye amelazwa hapa vilevile, nyuma ya ukuta huu nilioegemea, na nikinyamaza namsikia anapumua. Nitakaa nimsikilize mpaka asubuhi. Pumzika, Baba. Hili niachie mimi.

Mwanao,
Mwanahawa