Siku Mwalimu Aliogopa

Bungulu, 14 octobre 2024

Yaya Kaswera, dada yangu mukubwa,

Jambo yako na ya batu bote ya nyumba kule Mususa. Mafua ilikuachilia? Miye niko, lakini siko muzima.

Tangu bakimbizi ya vita bafike hapa Beni, kalasi yangu iko na batoto 97. Juma iliyopita upepo ulifunga mulango kwa nguvu, nikazani ni risasi, nikajitupa chini ya meza. Miye mwalimu, Yaya! Batoto bote bakalala chini nyuma yangu. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Siku ya tano ya juma hii nitaipeleka kwa directrice, mukubwa wa shule.

Mudogo yako, Kahongya

Mususa, 16 octobre

Mudogo yangu,

Wabukire, ninakusalimia. Mafua iliisha, Mungu asifiwe. Ile barua, usiipeleke kwanza.

Wakati ya Ebola, kila récréation, saa ya batoto kucheza, nilikuwa najifungia mu choo ya masomo, ninalia, kisha ninanawa uso na kurudia kufundisha. Siku moja mwenzangu Débora akanikuta. Hakuuliza kitu. Aliingia mu kalasi yangu, akaimbisha batoto mpaka nikapumua. Tangu pale, hapa kwetu mwalimu mwenye kulemewa anasema tu "leo hapana," na mwenzake anamusaidia. Hakuna mwenye kumucheka.

Tafuta mutu moja, umuambie. Kisha, kama ungali unataka kuacha, acha.

Yaya yako, Kaswera

Bungulu, 29 novembre

Yaya,

Wasingya, aksanti ya barua, na unisamehe kwa kunyamaza. Muko bazima?

Nilimuambia Phinées, mwalimu wa kalasi ya jirani, ule mwenye tunamuogopa bote juu ya ukali yake. Akasema: "Miye silali muzuri tangu Pasaka." Sasa saa ya kuimba tunaunganisha kalasi: moja anaimbisha, mwengine anapumuzika.

Woga ingali inarudia siku zingine. Lakini niliambia batoto kweli: "Ile siku, mwalimu aliogopa." Basi Elsa, mutoto aliyekimbia toka Mabalako, aliyekuwa hajatoa sauti tangu afike, akainua mukono: "Madame, miye pia." Kisha bengine bakaanza kusema, moja moja, mpaka kengele ikalia.

Barua sikuipeleka.

Mudogo yako, Kahongya

Mususa, 3 décembre

Kahongya wangu,

Siye bazima. Miaka makumi mbili na mbili niko mbele ya batoto, na hata siku moja sikubaambia kama ninaogopa. Nilizani kuficha woga ndiyo ualimu.

Juma inayokuja, siku ya kwanza, ninapanda basi ya asubui. Niwekee nafasi ku banc ya nyuma mu kalasi yako. Ninakuja kujifunza.

Yaya yako