Vitabu Viwili na Salamu ya Mama Mkwe

Jumamosi. Ukungu umekalia Nunguni tangu asubuhi, ule wa kufanya wauza parachichi wavae jaketi mbili. Nimerudi nyumbani viatu vimelowa, sijanywa chai na sijavua koti. Naandika hivi hivi kabla hili jambo halijapoa moyoni.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi hufundisha kompyuta katika chumba cha nyuma cha kanisa letu. Kanisa lilipata kompyuta kadhaa zilizotumika, nikakabidhiwa ufunguo, nikaambiwa nifunze. Kundi la kwanza niliwafunza kuandika programu, yaani zile amri zinazoiambia kompyuta la kufanya. Siku ya kwanza walijaa mpaka wengine wakakalia viti vya kwaya. Kisha wakaanza kupungua. Huyu ana mazishi, yule ana ng'ombe anayekaribia kuzaa, na mwishowe nikabaki na wachache waliokuja kwa kunionea huruma.

Kamati ya kanisa imesema kundi moja tu lingine. Na hao wakikimbia, chumba kitakuwa stoo ya viti na hema. Kitabu cha kufundishia watanunua, nakala ya kila mwanafunzi, lakini kiwe cha aina moja, na mchungaji alitaka jina la kitabu hicho kabla ya jioni ya leo.

Jina moja. Wiki nzima nimelala nalo na kuamka nalo.

Rafiki yangu anayefundisha kule Matiliku aliniazima vitabu viwili. Cha kwanza ni kinene, jalada gumu, kimepangwa sura kwa sura na hakiruki kitu. Ndicho nilichosomea chuoni na nakipenda, sitadanganya. Nikikibeba sokoni watu hunipisha. Cha pili ni chembamba, kina michoro ya kuchekesha, na kinaongea na msomaji utadhani wameketi pamoja jikoni. Kuna mambo hakielezi mpaka mwisho, na mengine hakielezi kabisa.

Roho yangu ilikuwa kwa kile kinene. Nilikuwa natafuta tu mtu wa kunikubalia.

Nikaamua kufanya kama tunavyofanya na mahindi ya mbegu ambayo huna hakika nayo. Unafunga punje chache kwenye kitambaa kilicholowa, unangoja uone zitakazochipuka, ndipo upeleke zilizobaki shambani. Basi nikamtafuta mtu mmoja wa kujaribu vitabu vyote viwili leo asubuhi, na huyo alikuwa Mwikali.

Mwikali alimaliza kidato cha nne, akaolewa, na sasa ana mtoto wa kunyonya na meza ya nyanya sokoni. Mumewe anafanya kazi kwenye hoteli ya madereva wa malori kule Mtito Andei na huja nyumbani akipata nafasi. Kwa hivyo nyumbani ni Mwikali, mtoto na mama mkwe. Amejiandikisha katika kundi jipya na hajawahi kuandika hata amri moja. Mama mkwe alikubali kubaki na mtoto, ila kwa ule uso wa mtu anayekubali kwa sababu watu wanatazama. Niseme pia kwamba mama mkwe huyo ni shemasi, na yuko kwenye kamati.

Tulianza na kile kinene, bila shaka. Zoezi la kwanza ni jepesi: chagua watu wawili unaoishi nao, uandike amri ili kompyuta iwasalimie kwa majina yao. Mwikali akaanza na mtoto. Kioo cha kompyuta kikaandika "Habari, Mumo," naye akacheka akijiziba mdomo. Mimi nikaanza kujipongeza kimoyomoyo.

Kisha akasimama. Akaweka mikono mapajani na kukitazama kioo. Nilidhani ni alama za kufunga na kufungua maneno, maana hizo huwasumbua wote. Nikamsogelea, nikamwonyesha mahali pa kuziweka.

"Hizo nimeona, mwalimu," akasema. "Ni hii jina ya pili. Siwezi andika."

"Kwa nini?"

"Ni ya mwaitu."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo anavyomwita mama mkwe wake. Huku kwetu mke hamtaji mama wa mumewe kwa jina. Sisemi ni sheria. Ni mdomo tu hukataa. Mama mkwe wangu ni marehemu na mpaka leo nikimzungumzia nalizunguka jina lake kana kwamba yuko chumba cha pili ananisikiliza. Lakini asubuhi ya leo nilikuwa mwalimu, na mwalimu ana haraka. Nikamwambia aandike tu, kwani anayemwita si yeye, ni kompyuta.

Mwikali akanitazama kwa upole.

"Lakini hii haiongei yenyewe. Ikimwita jina, si ni mimi nimeituma?"



Jambo hilo nililieleza kundi la kwanza kwa ubao na kwa chaki: kwamba kompyuta haina nia, haina haya, haimjui mtu, na chochote inachofanya kuna aliyeiambia ifanye. Waliliandika kwenye madaftari yao vizuri sana na hawakuliamini. Wakikosea walisema mashini imekasirika. Na huyu hapa, hata saa moja hajamaliza, ameliamini kiasi cha kuogopa.

Akauliza tena, taratibu, huku anafikiri. "Haiwezi kwanza kujua ni nani amekaa hapa, ndio ijue vile itamsalimia?"

Sitii chumvi. Swali hilo ndilo kazi yetu nzima. Kila programu niliyowahi kuitumia inaishi kwa swali hilo, kuanzia ile ya kutuma pesa kwa simu, na mwanamke wa Nunguni alikuwa amelifikia peke yake kwa sababu hakutaka kumkosea heshima mama wa mumewe.

Nikakifungua kile kinene kumtafutia jibu. Lipo, lakini liko mbali sana, nyuma ya sura ndefu kuhusu aina za namba. Mwandishi anasema waziwazi kwamba msomaji asiharakishe kufika huko kwa kuwa bado hajawa tayari. Nikamtazama Mwikali. Alikuwa tayari mpaka inaumiza.

Kile chembamba kinalo kurasa chache tu kutoka mwanzo. Kompyuta inalijua neno lenyewe kwa Kiingereza, ila maana yake ni "kama": kama ni hivi fanya hivi, la sivyo fanya vile. Kuna mchoro wa mtu amefika njia panda. Mwikali alisoma ukurasa huo mdomo ukicheza, akauacha wazi kwa kuuwekea simu yake juu, akaanza.

Nilimshauri aulize mwaka wa kuzaliwa. Alinitazama vibaya kidogo. Nani atamuuliza mwaitu miaka yake? Akafikiri, kisha akaandika swali lake mwenyewe: "Una wajukuu?" Ukijibu ndiyo, kompyuta itasema kwa Kikamba, "Mwaitu, wi museo?", yaani mama, u mzima? Ukijibu hapana, itakuuliza jina na kukusalimia kwa hilo jina. Kompyuta ilimkataa mara kadhaa. Alisahau alama, akarudia, ikamkataa, akarudi kwenye kitabu. Sikumwingilia. Nilikaa pembeni nikiwa na hofu tamu, ile unayokuwa nayo ukimtazama mtoto akisimama bila kushika kitu.

Ikakubali.

Hapo ndipo shemasi akaingia, mwavuli mkononi, mtoto amefungwa mgongoni kwa leso. Mumo alikuwa amekataa uji. Mama mkwe alikuja kumchukua Mwikali waende nyumbani, na alisema hivyo kabla ya kunisalimia. Mwikali akapokea mwavuli, akamwomba akae kidogo tu kwenye kile kiti.

Akakaa ukingoni, kama mtu asiyekaa. Akasoma swali kwenye kioo.

"Na huyu nimebeba ni wa nani?" akauliza.

"Andika ndiyo, mwaitu."

Akaandika kwa kidole kimoja, akizitafuta herufi kama anayechagua mawe kwenye maharagwe. Kisha ile salamu ikatokea. Huyu mama husoma Biblia ya Kikamba kila siku, na niliona midomo yake ikisoma, ikarudi, ikasoma tena. Akarekebisha kilemba.

"Ni museo," akaijibu kompyuta kwa sauti, yaani yeye ni mzima.

Hakuna aliyecheka. Mwikali alikuwa anatazama sakafu. Mimi nikajifanya nafunga dirisha. Nilikuwa nashangaa tu, na bado nashangaa, kwamba kipande cha chuma kisichojua lolote kilikuwa kimetoa heshima, na heshima hiyo ilitoka kwa mtu, ikapita ndani yake, ikafika kwa mtu mwingine ikiwa nzima.

Shemasi akamgeukia Mwikali.

"Na Kalekye akikuja?"

Kalekye ni rika lake, huimba naye kwenye kikundi cha akina mama. Hakujaliwa mtoto. Nikamwona Mwikali anaifuata njia ile nyingine kichwani, ile ya hapana, mpaka mwisho wake, ambapo mwanamke mzima anaitwa jina kama msichana wa shule.

"Itamwita jina," akasema kwa sauti ya chini. "Sikufikiria huyo, mwaitu."

"Basi tengeneza," akasema shemasi. Alimfungua Mumo mgongoni, akampa mama yake amnyonyeshe, akavuta kiti cha kwaya na kukaa, safari hii mpaka nyuma kabisa. "Mimi nangoja."

Nikatoka nje kwenye ukungu, nikamtumia mchungaji jina la kile chembamba.

Amenijibu sasa hivi. Anauliza mbona nimechagua kitabu kidogo namna hiyo, na kamati ataiambia nini. Nimemwambia amuulize shemasi.