Kidoa cha Kijivu Kando ya Jina Lako

Ujiji, 10 Machi 2014

Luqman,

Hujambo huko Norwe kwenye baridi? Mama anakusalimu. Migebuka imeadimika, tunakula dagaa tu.

Nilikukasirikia sana. Tangu Juni, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, nilikwenda kwenye duka la intaneti la Abeid, saa yetu ile ile. Jina lako lilikuwa na kidoa cha kijivu kando yake, alama kwamba hupo mtandaoni. Nikiandika, kimya. Nikasema, mkimbizi kapata kwao kupya, katusahau. Kukutafuta kwa njia nyingine sikutaka. Mimi simbembelezi mwanamume aliyeninyamazia.

Juzi ndipo Abeid aliponieleza. Wewe unatumia akaunti ya chuo chako, mimi ya kampuni kubwa, na zamani meseji zilivuka kwa sababu chuo na kampuni walifuata kanuni moja. Kampuni yangu ndiyo iliyojisifu kwamba iko wazi kwa kila mtu. Ilipopata watu wa kutosha ikafunga mlango, meseji za nje zisiingie wala zetu zisitoke, wala mimi sikujua. Kumbe labda nawe uliandika kila Jumamosi, ukitazama kidoa hicho hicho.

Barua hii ina stempu ya Tanzania, na posta ya huko itaipokea tu.

Januari wazee wa Khalfani walileta posa. Baba aliponiuliza nilinyamaza, kwa hasira niliyokuwa nayo juu yako. Na kwetu unajua, binti akinyamaza amekubali.

Ndoa ni Ijumaa hii. Posta wanasema barua itachukua wiki tatu.

Mwanne