Kumwita Dezire Siku ya Noeli

Gitega, siku moja baada ya Noeli. Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba isiyopiga kelele. Nimefika kutoka Muyinga mchana huu, na udongo wa kwa Baba bado umeganda kwenye viatu vyangu. Sitaki kuuosha leo.

Naandika kwa sababu nikikaa kimya nasikia jina.

Nilizaliwa kambini, Tanzania. Majirani zetu walisema Krismasi. Mama alisema Noheli, kwa Kirundi, na hakukubali vinginevyo ndani ya nyumba yake ya udongo na turubai. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akapika wali na maharage, na nyama ikipatikana. Tukitoka misa, kabla mtu hajagusa chakula, alifungua mlango, akasimama kizingitini na kuita mara tatu:

“Dezire, ngwino urye!” Dezire, njoo ule.

Dezire ni kaka yangu. Sijawahi kumwona.

Usiku ambao wazazi wangu walikimbia Muyinga, Mama alikuwa na mimba yangu. Dezire alikuwa mtoto wa kuota meno ya ukubwani. Watu walikuwa wengi njiani na risasi zinalia. Mama alidhani mtoto yuko na Baba. Baba alidhani yuko na Mama. Kulipokucha, wakiwa wameshavuka mpaka, ndipo kila mmoja akatazama mikono ya mwenzake.

Sahani ya Dezire ilikaa mezani mpaka jioni. Kisha Mama aliila mwenyewe, imepoa. Nilipokuwa mdogo niliogopa kuutazama mlango ule, nikihofia kwamba ataingia. Nilipokua, hofu ikageuka: kwamba haingii.

Mama alifia kambini, tukamzika huko. Amani iliporudi, mimi na Baba tukarudi. Yeye akajenga upya kwenye kiwanja chake cha zamani Muyinga. Mimi nikaolewa hapa Gitega. Desturi ya Mama nikaja nayo kama watu wengine walivyokuja na sufuria. Kila Noeli Baba alipanda gari kuja kwetu, mimi nikafungua mlango na kuita, wanangu wawili wakaita pamoja nami, na yeye akatazama chini mpaka tumalize.

Mwaka huu miguu yake imevimba, hawezi safari. Mwanangu mdogo naye aliamka na homa, basi mume wangu akabaki na watoto, nikaenda peke yangu. Ilikuwa Noeli yangu ya kwanza katika nyumba ile.

Nilitandaza majani. Nikapika. Nilipoushika mlango, Baba akasema:

“Konsolata, huku usimwite.”

“Kwa nini, Baba?”

“Gitega ni mbali. Huku anaweza kusikia.”

Hakuwa anatania. Alikuwa amesimama, ameegemea fimbo yake. Nikasimama pale nikimfikiria Mama, aliyeita miaka yote ile kuelekea nchi asiyoiona, na sasa mimi niko mlangoni penyewe nimeambiwa ninyamaze.

Nikaita. Mara tatu, kwa sauti ya Mama.

Mara ya tatu, minyaa ya ua ikatikisika.

Nilitaka kukimbia. Nakiri.

Alikuwa Bibi Skola, jirani wa Baba, mjane aliyeuza mihogo sokoni tangu ujana wake. Yeye hakukimbia wakati wa vita. Mama mkwe wake alikuwa hawezi kutembea. Bibi Skola alipita kwenye uwazi wa ua, kanga begani, akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

“Ni nani anaita Dezire?” akauliza. “Hiyo jina mi sijaisikia tangu nilimuzika.”

Nyuma yangu nikasikia fimbo ya Baba ikianguka.

Bibi Skola alisimulia amesimama, hakutaka kiti. Siku chache baada ya watu kukimbia, alimkuta mtoto amekaa mlangoni kwetu. Alikuwa amepotezana na wazazi wake, akarudi kwa njia pekee aliyoijua. Bibi Skola akamchukua, akakaa naye. Mvua zilipoanza, homa ikamshika, na dispensari ilikuwa imefungwa. Akamzika nyuma ya migomba yake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Tangu Baba arudi wanasalimiana kila asubuhi.

“Nilingoja aniulize, mwanangu. Niliogopa. Mtu akirudia na kusikia mutoto wake alifia kwangu, atafikiri nini? Nikasema, siku ataniuliza, nitamuambia. Hakuuliza.”

Baba alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

“Nilijua unajua,” akasema. “Kila ukinisalimia ulitazama pembeni. Ndiyo maana sikuuliza.”

Tulienda polepole mpaka nyuma ya migomba, Baba ameniegemea. Hakuna msalaba. Kuna mawe matatu, na pamepaliliwa. Magugu yamejaa shamba zima isipokuwa pale. Baba akavua kofia. Halafu akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu.

“Alituulizia?”

“Kila siku,” akasema Bibi Skola. “Nilimuambia mumeenda kutafuta chakula, mutarudi.”

Baba akalia. Sijawahi kumsikia akilia, hata tulipomzika Mama. Bibi Skola akamshika mkono, nao wazee wawili wakakaa kwenye majani yaliyolowa kama watoto.

Baadaye tulikula watatu. Hakuna aliyemaliza chakula chake.

Leo njia nzima kupitia Karuzi nimekuwa nikipanga maneno ya kuwaambia wanangu. Sikuyapata. Nimeshuka, nimeingia ndani, na Inesi, binti yangu mkubwa, hakunisalimia hata. Ameniuliza kitu kimoja tu, macho yameng’aa, kwa sababu safari hii nilimwita kwao kabisa:

“Mama, Dezire alikuja?”

Nikamwambia ndiyo. Alikuja zamani sana, akakaa mlangoni akitungoja, na sisi tukachelewa.

Amekaa hapo dirishani, anaitazama mvua.